Mfumo wa nidhamu umuulize mtoto kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mara moja, lakini habari mliyochapisha wiki iliyopita, ile iliyozisifu shule zinazotumia mfumo wa kompyuta kufuatilia mienendo ya wanafunzi na kuwasaidia, imenishinda kunyamazia. Kufuatiliwa nimekuona kwa macho yangu. Huo msaada sijauona.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Tunaishi Chanika, na shule yake iko upande wa Gongo la Mboto. Mwezi Machi niliingiwa na ujumbe wa simu kwamba amefikisha pointi 15 za utovu wa nidhamu na kwamba nifike ofisini. Mwalimu wa nidhamu, kijana muungwana ambaye sina ugomvi naye, alinigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe: mistari 15 myekundu, yote imeandikwa kuchelewa, na safu ya sababu ni tupu kuanzia juu hadi chini. Nilipouliza kama kuna mtu aliyezungumza na mtoto, alinijibu kwamba mfumo unapokea kosa hata sababu isipojazwa. Mtoto huyo huamka saa kumi na nusu alfajiri. Kesho yake nilimsindikiza kituoni nikasimama kando. Alikuwa ameshika sarafu yake ya shilingi 200, na makonda wa daladala tatu mfululizo walimzuia mlangoni kwa mkono wakisema wanafunzi wawili tu, na hao wawili wameshaingia. Alipata gari la nne, tena la kusimama mlangoni, saa ambayo wenzake wanaokaa jirani na shule walikuwa wanamaliza kufagia uwanja.

Hapa siwezi kuwaacha wenye daladala wala LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Nauli ya mwanafunzi imepangwa na mamlaka, na konda hakupewa ruhusa ya kuchagua wanafunzi wangapi wapande, lakini kila asubuhi anachagua na hakuna anayemgusa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba shule ina ushahidi wa jambo hili ndani ya kompyuta yake: majina, siku na saa. Kama wangewapanga wachelewaji kwa vituo wanakopandia, wangeona watoto wa Chanika wanachelewa kwa pamoja, na wangejua kwamba tatizo liko barabarani.

Badala yake orodha ya pointi ilichapwa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina kamili, kila apitaye asome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Ubaoni si mahali pake.

Ninaomba mfumo ukatae kuhifadhi kosa lolote mpaka mtoto aandikiwe mistari miwili ya maelezo yake mwenyewe, na ujumbe kwa mzazi usitumwe kabla mwalimu wa malezi hajakaa na mtoto walau dakika kumi. Ninaomba pia kila Ijumaa mkuu wa shule aipelekee LATRA idadi ya waliochelewa kutoka kila kituo, bila majina. Na kwa wiki moja tu, mwalimu mmoja afike kituo cha Chanika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mimi na binti yangu tutamwonesha pa kusimama.

Mzazi,
Chanika, Dar es Salaam