Kifungua kinywa cha Jumamosi kwenye meza za chukudu

Ndugu wapendwa wa kikundi,

Jumamosi hii tutakutana saa mbili asubuhi kwenye ule mkahawa mdogo wa mtaani kwetu, uliojengwa juu ya lava ya volkano iliyopita katikati ya Goma mnamo Januari 2002. Kuta zake ni za mawe hayo hayo meusi, na meza zimetengenezwa kwa chukudu zilizostaafu, yaani zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ukikaa ile iliyo karibu na mlango, utaona bado alama za kamba zilizofunga magunia ya viazi, na gurudumu moja la mbao likizunguka chini ya miguu yako.

Kahawa ni arabika ya kisiwa cha Idjwi, inayokaangwa pale pale uani, nayo huletwa ndani ya birika pamoja na mkate wa moto, jibini la Masisi na kimanda cha sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu), ambacho kwa maoni yangu ndicho chakula bora cha asubuhi katika mji huu. Asiyekula samaki atapata mayai matupu.

Kwa kuwa jikoni kuna mbabula (majiko ya makaa) mbili tu, na mama mpishi hapendi kuharakishwa (ana haki kabisa), naomba kila mmoja aandike hapa chaguo lake kabla ya Ijumaa jioni. Mje na faranga ndogo ndogo, kwani chenji ni shida. Mwenye watoto aje nao, mwenyeji amekubali.