Wajina kwenye chati moja

Mama Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa Zuhura. Ile chati ya nasaba mliyopewa na wakwe zako nimeisoma yote. Kujivunia jina la Williams shemeji ana haki, lakini huyo Roger Williams aliyeketishwa juu kabisa si mtu mmoja. Chati inasema alizaliwa Wales, akasoma Oxford, akaapishwa kuwa raia wa koloni ya Massachusetts Mei 1631, kisha akaanzisha mji wa Providence, ulioko Rhode Island huko Marekani, mwaka 1636. Hapo wameshonwa watu watatu kanzu moja. Mchungaji mnayemtafuta ni yule wa Providence tu.

Tuanze na Mei 1631, ndiyo nyepesi kufumua. Walioapishwa tarehe 18 Mei wengi wao walikuwa wameomba uraia tangu 19 Oktoba 1630, na jina la Roger Williams limo katika orodha hiyo ya Oktoba. Mchungaji wakati huo alikuwa bado Uingereza. Meli yake, Lyon, iling'oa nanga Bristol mwezi Desemba, ikafika Nantasket, mlangoni mwa Boston, tarehe 5 Februari 1631. Aliyeomba uraia ni wajina wake wa Dorchester, mji wa koloni ileile ya Massachusetts, ambaye baadaye alihamia Windsor, Connecticut. Tena siku ileile ya 18 Mei ilipitishwa kwamba asiyekuwa muumini wa kanisa mojawapo la koloni hapewi uraia, na mchungaji wetu alikuwa amekwishakataa kujiunga na kanisa la Boston kwa sababu halikujitenga kabisa na Kanisa la Uingereza.

Sasa angalia mtego uliopo hapo. Kwenye maandishi ya wakati ule, kufika kwa Lyon kumeandikwa Februari 1630. Asiyejua atasema, "Kumbe alifika miezi minane kabla ya orodha ya Oktoba," na ushahidi wote utageuka juu chini. Waingereza wa siku zile walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1630 yao ilikuja baada ya Oktoba 1630 yao. Wewe andika 5 Februari 1630/31, miaka yote miwili, usichague mmoja. Na ukikuta miezi imeandikwa kwa namba, Machi ni mwezi wa kwanza, wa nane ni Oktoba, wa kumi na mbili ni Februari. Programu za nasaba huharibu sana hapa: unaingiza "mwezi wa 12, 1630" inakuandikia Desemba bila kukuuliza. Mambo yalikwenda hivyo hadi 1752, mwaka ambao 2 Septemba ilifuatiwa na 14 Septemba.

Wales na Oxford ni za kijana mwingine, aliyeandikishwa chuo cha Jesus mwaka 1624 kwa jina la Rodericus Williams. Hata jina lenyewe si Roger. Wetu mwaka 1621 alikuwa mwanafunzi London, katika shule ya Sutton's Hospital, kisha akaenda Cambridge, chuo cha Pembroke. Hata hivyo hadithi ya Wales ilinakiliwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1889 mtafiti Henry FitzGilbert Waters alipoupata London wosia wa mjane Alice Williams, ulioandikwa 1634. Mama huyo anamwachia mwanawe Roger, aliyeko ng'ambo ya bahari, pauni 10 kila mwaka kwa miaka 20.

Lakini usiridhike na "Roger aliyeko ng'ambo". Roger Williams wa Dorchester naye alikuwa ng'ambo! Kilichofunga kesi ni ndugu. Wosia unawataja pia wana wawili, Sydrach na Robert. Robert Williams anaonekana Providence miongoni mwa walowezi wa mwanzo, na mchungaji mwenyewe aliandika kwamba ana kaka mfanyabiashara wa bidhaa za Uturuki, kazi ambayo ndiyo ya Sydrach. Ukiwa na jina la kawaida kama Williams, mtafute ndugu mwenye jina adimu. Sydrach mmoja anakufaa kuliko Roger kumi.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Chati iweke kando, usianze nayo. Chukua daftari au jedwali la kompyuta, kila hati ipate mstari wake: tarehe kama ilivyoandikwa, mahali, jina kwa tahajia ileile, cheo, kazi, mke, majirani na mashahidi, kama alitia saini au alama. Usiandike ni Roger yupi. Hati zikitimia ishirini au thelathini ndipo uzigawe: Williams A, Williams B, Williams C. Zisizo na dalili ziache bila mwenyewe. Watu huharibu hapa. Hawapendi kuona hati yatima, basi wanaisukumia kwa babu maarufu.

Saini inasaidia, ila hakikisha unatazama hati yenyewe. Kwenye kitabu cha hati za ardhi karani alinakili kila kitu kwa mkono wake, hivyo "saini" zote zitafanana. Alama ya msalaba nayo haimaanishi siku zote kwamba mtu hakujua kuandika. Mgonjwa aliyelala kitandani akiandikiwa wosia angeweza kutia alama ingawa ujana wake alikuwa na mwandiko mzuri.

Maneno ya udugu ndiyo yatakayokusumbua zaidi, ingawa sisi tunaomwita baba mkubwa "baba" tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Neno la Kiingereza "cousin", ambalo leo wanalitumia kwa binamu, enzi zile lilimfaa hata mtoto wa kaka. Daktari Samuel Fuller, aliyekuja na Mayflower mwaka 1620, katika wosia wake wa 1633 anamtaja "binamu" yake Samuel aende zake na ng'ombe na nguruwe wake bila kudaiwa zaidi. Huyo ni mtoto wa kaka yake Edward, naye alikuja kwa meli hiyohiyo. Na daktari alikuwa na mwanawe, Samuel vilevile. Ukisoma wosia ule kwa Kiingereza cha leo utazua tawi zima la ukoo ambalo halikuwako. "Mama mkwe" naye huenda akawa mama wa kambo.

Halafu kuna "Mkubwa" na "Mdogo" baada ya jina. Usidhani ni baba na mwana. Karani alikuwa anatofautisha watu wawili wa kijiji kimoja, wawe ami na mpwa au wasiwe na udugu wowote. Tena lebo hizo zilihama. Mkubwa akifa au akihama, Mdogo anapanda kuwa Mkubwa, na mtoto wa jirani anarithi "Mdogo". Kwa hiyo John Mdogo wa 1650 na John Mdogo wa 1670 huenda wakawa watu tofauti kabisa, na John Mkubwa wa 1670 ndiye yule Mdogo wa 1650. Lebo isome pamoja na mwaka wake. Ninaamini zaidi lebo za kazi: huko huko Providence palikuwa na John Smith msagishaji wa kinu na John Smith mwashi, na makarani waliwaita hivyo hasa ili wasichanganywe.

Kuhusu ardhi, ichukulie kama daftari la duka. Kilichoingia lazima kitoke: kwa kuuza, kwa hiba, kwa wosia au kwa mgawanyo wa warithi. Ukiona B anauza ekari 20 ambazo A ndiye aliyezinunua, na katikati hakuna hati, ama A na B ni mtu mmoja ama mmoja ni mrithi wa mwingine. Soma mipaka na majirani, si jina la muuzaji peke yake. Mtazame pia mke. Kwao mjane alikuwa na theluthi ya ardhi ya mumewe ya kutumia hadi kufa, si thumni kama yetu, hivyo mume akiuza, mnunuzi mwangalifu alitaka mke naye aachilie haki yake kwa maandishi. Wauzaji wawili wa jina moja, mwezi mmoja, wake tofauti: hapo karibu una hakika ni wawili. Zikipita hata miezi michache, kumbuka wajane wa wakati ule waliolewa upesi na wagane walioa upesi.

Jambo moja la Rhode Island ambalo wageni hawalitegemei: hati za ardhi na mirathi zinatunzwa na kila mji, hakuna ofisi ya kaunti. Na miji iligawanyika. Mwaka 1731 Smithfield, Scituate na Glocester zilikatwa kutoka Providence. Mkulima asiyetoka shambani kwake anaonekana Providence mwaka 1730, kisha kimya, halafu "mgeni" wa jina lilelile anazuka Smithfield. Huyo usimpasue vipande viwili. Vilevile kumbuka Providence iliteketezwa Machi 1676 katika vita vya King Philip, kati ya walowezi na wenyeji, na sehemu ya kumbukumbu za mji ilipona kwa kutupwa kwenye bwawa la kinu. Mtu kutoonekana kabla ya hapo si dalili kwamba hakuwapo.

Sasa chati yenu. Mchungaji na mkewe Mary Barnard walikuwa na watoto sita: Mary, Freeborn, Providence, Mercy, Daniel na Joseph. Chati inaanza na mwana aitwaye Roger. Huyo hayumo. Mwana huyo aliyeitwa Providence, kama mji, hakuoa, kwa hiyo jina la Williams kutoka kwa mchungaji linaweza kushuka kwa Daniel au Joseph tu. Kipimo cha DNA cha mstari wa kiumeni kinaweza kumtenga shemeji na ukoo huo au kumsogeza karibu, lakini hakitasema ni Daniel au ni Joseph. Kile cha kawaida cha mate, kwa vizazi kumi na zaidi, usikitegemee.

Nitumie picha za hati za Williams yeyote wa ukoo wenu kati ya 1700 na 1760, kurasa nzima pamoja na pembezoni, nasi tupande kutoka hapo, kitukuu hadi babu, badala ya kushuka kutoka kwa mchungaji.

Mbusu Zuhura.

Wako,
Mama Asha