Mdogo wangu, ufute ule mstari wa mezani

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hadharani. Siku ya kwanza uliyowaonyesha watu picha zako, mimi ndiye niliyesimama na sauti yangu ya mjuaji nikasema: "Igawe meza. Huku weka chakula cha kwa mama, kule cha kwa baba, watu wakuelewe." Ukanisikiliza. Leo una picha tisa za rangi za mafuta, zote za vyakula na vyombo, na kila meza ina mstari katikati kama uwanja wa mpira. Kushoto bakuli la chakula cha mkono, kulia sahani na kijiko. Watazamaji wanaelewa mara moja, wanatikisa kichwa, wanapita. Huko kupita ndiko kunakonikosesha usingizi.

Tangu lini wewe ukala hivyo? Nimekaa nawe mezani tangu una meno mawili. Chakula cha mama unakichovya kwenye mchuzi wa baba. Unaanza na kijiko, katikati ya mlo unakiweka chini na kumalizia kwa vidole, na hujui hata ni saa ngapi umebadilisha. Maswali ya "wewe hasa ni wa wapi" yanaulizwa na wageni. Ulimi wako haujawahi kuyauliza.

Nilipoanza kujuta nikaenda kuzitazama picha za wenzako wa zamani, nikitafuta angalau mmoja wa kunitetea. Nikakwama kwa Pieter Claesz, mchoraji wa Uholanzi, picha yake ya mwaka 1627 yenye pai ya bata mzinga, iliyopo kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Ukiitupia jicho utasema hii ni meza ya Mholanzi mwenye nazo, basi. Sasa ihesabu. Bata mzinga, aliyesimamishwa na manyoya yake juu ya pai, ni ndege wa asili ya Amerika. Bakuli la kaure ni la China. Kikombe kimetengenezwa kwa gamba la nautilasi, mnyama wa bahari za Hindi na Pasifiki. Kuna pilipili manga kwenye karatasi iliyoviringishwa, kuna limau na zeituni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoota kwenye baridi ya Uholanzi. Mchoraji mwenyewe alikuwa mhamiaji: alizaliwa Berchem, karibu na Antwerp, akaenda kuishi Haarlem.

Usije ukaipaka sukari, lakini. Viungo vile havikufika kwa urafiki. Kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilivivamia visiwa vya Banda, vilivyo Indonesia ya leo, mwaka 1621 na kuua watu wengi ili iwe na kungumanga peke yake. Miaka sita baadaye Claesz anapanga meza, na picha haisemi neno. Nawe unajua kwamba hata mezani kwetu kuna vyakula vilivyokutana kwa ndoa na vingine vilivyokutana kwa ubabe. Hilo mstari wako haulisemi. Unalificha, kwa sababu unawaambia watu kwamba pande mbili hazijawahi kugusana.

Halafu kuna jambo la majina, ambalo najua utalipenda kwa sababu umekua ukilitafsiria kila mtu kila kitu. Picha za namna yako Waholanzi waliziita stilleven, maisha yaliyotulia. Wafaransa wakaziita nature morte, na Wahispania naturaleza muerta, yaani asili iliyokufa. Meza ni ileile, limau ni lilelile, huku linaishi, kule limekufa! Mwaka 1952 Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, aligeuza jina hilo kwa makusudi, picha yake ya matunda akaiita Naturaleza viva, asili iliyo hai.

Huyo Frida ndiye niliyekuwa namfikiria nilipokupa ule ushauri mbovu, na nilimsoma vibaya. Baba yake alizaliwa Pforzheim, Ujerumani. Mama yake alikuwa Mmeksiko. Mwaka 1939 Frida alijichora wawili, mmoja kwa gauni la Kizungu, mwingine kwa vazi la wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko. Nikasema, tazama, kajigawa. Sikuangalia vizuri. Wale wawili wameshikana mikono, na mshipa mmoja wa damu unatoka moyo huu kwenda moyo ule. Mwaka 1954, mwaka aliofariki, alichora matikiti maji yaliyokatwa, na wengi huyaona ni Meksiko tupu. Tikiti maji asili yake ni Afrika.

Unauliza utajiweka wapi kwenye picha ukiondoa mstari. Mtazame Clara Peeters, mchoraji mwingine wa meza wa zamani. Mwaka 1611 alichora vyombo vya madini vinavyong'aa, na ukisogeza uso karibu unamwona yeye mwenyewe, mdogo sana, ndani ya mng'ao, zaidi ya mara moja. Mtazamaji asiye na subira hamwoni kabisa. Wewe una kijiko pale kulia kinachong'aa bure.

Sasa niungame la pili. Lile chungwa lililopotea ulipokuwa katikati ya picha ya sita, hadi ukamshuku kila mtu nyumbani, nililila mimi. Nilikukuta umetoka, nikajiambia matunda mezani ni ya kuliwa, na isitoshe lile lilishaanza kulegea upande mmoja. Niliacha maganda pale pale. Ulirudi ukanuna siku mbili, kisha, labda kwa hasira, ukayachora maganda kama yalivyokuwa: yamelala juu ya mstari, nusu huku, nusu kule, na sehemu moja yameufunika kabisa. Kati ya zote tisa, hiyo ndiyo picha ninayorudi kuitazama. Ndiyo pekee ambayo naona mtu alikaa pale akala.

Jumamosi nakuja. Tandika turubai mpya, panga meza kama tunavyokula siku zote, bakuli la mama juu ya sahani ya baba ikibidi, na uanze na majani kwa sababu ndiyo yanayonyauka kwanza. Machungwa weka mawili. Moja ni langu.