Mlituuzia msitu wa asili, mkatupeleka shamba la miti

Mwalimu wa Biolojia,
Mtwara Mjini.
18 Agosti 2025

Meneja,
Kampuni ya Kutembeza Watalii,
Lindi.

YAH: KUTOPEWA HUDUMA TULIYOLIPIA – MATEMBEZI YA USIKU, MSITU WA ASILI WA RONDO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba ya walimu wenzangu mliotupeleka Rondo mwezi uliopita. Nilianza kwa kupiga simu ofisini kwenu, kijana aliyepokea akaniambia, "Mwalimu, msitu ni msitu." Nikaona hapo simu haitoshi.

Tangazo mlilotutumia kwa WhatsApp bado ninalo. Linasema tutaingia "msitu wa mvua uliohifadhiwa", tutatembea usiku na mwongozaji mzoefu, na tutamwona komba wa Rondo "kwa uhakika". Linasema pia kwamba Sh 85,000 kwa kila mtu ni pamoja na usafiri, chakula, mwongozaji na ada zote za hifadhi. Pembeni kuna picha ya sokwe. Ndugu Meneja, sokwe wako Gombe na Mahale, kule Kigoma, upande wa pili wa nchi. Picha ya maporomoko ya maji nayo mwenzetu mmoja aliyewahi kufundisha Ifakara aliitambua papo hapo: ni Sanje, Udzungwa. Tulicheka, tukasema labda aliyetengeneza tangazo ni mtoto wa steshenari. Tulilipa, kwa sababu habari ya komba ilikuwa ya kweli na ndiyo tuliyoitaka.

Naomba mwelewe kwa nini tuliitaka. Komba wa kawaida kila mtu wa Kusini anamjua, yule mkubwa anayelia usiku kama mtoto mchanga na kupanda minazi kunywa tembo la watu. Wa Rondo ni mwingine kabisa. Ana uzito wa gramu 60 hivi, anaruka chini chini kwenye vichaka badala ya kukaa juu ya miti, na wanasayansi walimtambua rasmi kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990 tu. Anajulikana katika vipande vichache vya misitu ya pwani: Rondo na Litipo huko kwenu Lindi, Ziwani hapa kwetu Mtwara, na vingine upande wa Dar es Salaam na Pwani. Mimi namfundisha darasani bila kuwahi kumsikia. Jina lenyewe limetoka kwenye mlima ambao wanafunzi wangu wengine wana bibi zao huko.

Sasa safari yenyewe. Kosta ilichelewa kutoka Mtwara, hilo tulisamehe. Tulipopita njia panda ya Mnazi Mmoja na kufika Mtama, dereva alisimama kupakia magunia ya makopa, yaani mihogo mikavu, ya mtu wake, akayapanga kwenye kijia cha katikati ya viti mpaka mwenzetu mjamzito akawa anayaruka kila akitaka kushuka. Tulipouliza, tukaambiwa ni mzigo mdogo. Ulikuwa mdogo kiasi cha kutukalisha pale hadi jua likaanza kuinama. Mlimani tukafika jioni tayari, wakati ambao kwa ratiba yenu tulipaswa kuwa tumeshajiandikisha na kukutana na mhifadhi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gari lilisimama kwenye mapaini. Mapaini, Ndugu Meneja, yaliyopandwa kwa mistari, chini yake hakuna kitu ila sindano kavu. Mwongozaji wenu akatukusanya, akatangaza kwa sauti kubwa, "Karibuni kwenye msitu wa asili wa Rondo." Walimu wa Biolojia tulikuwa wawili pale. Tukatazamana. Nikamwuliza kwa upole kama anajua kwamba huu ni mti wa kigeni uliopandwa na watu. Akajibu kwamba miti yote imepandwa na Mungu.

Sina ugomvi na mashamba ya miti, mbao tunazihitaji. Ugomvi wangu ni kuuziwa kimoja na kupewa kingine. Msitu wa asili wa Rondo umeshaumia vya kutosha, mivule yake ilikatwa sana enzi za Mwingereza, na kilichobaki ndicho kilichotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Isitoshe, hata neno lenu "msitu wa mvua" halikai sawa pale. Ule ni msitu wa pwani, kiangazi miti yake mingi hupukutisha majani. Mtu anayeuza safari za huko angepaswa kujua.

Tulipodai kupelekwa kwenye msitu wenyewe, mwongozaji alitwambia geti limefungwa. Tukamwomba twende tukaulize. Mhifadhi tuliyemkuta alitupokea vizuri sana, lakini hakuwa na taarifa yoyote ya ujio wetu, na akaomba kuona stakabadhi. Mwongozaji akaanza kupekua simu, kisha akasogea pembeni kupiga, kisha mtandao ukawa haushiki. Ninyi na mimi tunajua malipo ya serikali hayafanyiki mkononi. Yanatolewa kontroo namba, unalipa, unapata stakabadhi. Kama ada zetu zililipwa, namba hiyo ipo, na kuituma ni kazi ya dakika moja. Niliiomba kwa simu, nikaiomba kwa ujumbe. Mpaka leo sijaipata.

Tukarudi kwenye mapaini. Giza lilipoingia, mwongozaji alitoa tochi yenye mwanga mkali wa kupofusha, akaanza kumulika juu ya miti. Yeyote aliyewahi kuwatafuta wanyama wa usiku anatumia mwanga mwekundu au hafifu, na huyu komba, kama nilivyosema, hutafutwa chini vichakani. Halafu akachomeka spika na kupiga mlio wa komba kwa sauti ya harusi ili "kumwita". Mlio wenyewe ulikuwa wa komba mkubwa, mlevi wetu wa minazini! Hata angekuwa ndiye, mnyama aliye hatarini kutoweka hapigiwi spika.

Nisiwe mchoyo wa sifa, kulikuwa na jambo moja zuri, ila halikutoka kwenu. Kijana wa kijijini ambaye mwongozaji alimchukua njiani kama msaidizi alituvuta pembeni kabla giza halijakolea, akatupitisha kwenye njia ya kijiji inayoambaa na ukingo wa msitu, bila kuingia hifadhini. Akatuonyesha vijia vya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, kwenye majani makavu, vimefagiliwa safi utadhani kuna mtu. Akatuomba tuzime simu na tunyamaze. Kule ndani ya msitu kukasikika mlio mwepesi, wa kubiringika, ukikatika na kuanza upya. "Ndiye huyo, mwalimu," akasema kwa mnong'ono. Tulitamani kukaa. Dereva akapiga honi, kwa sababu makopa yalikuwa yanasubiriwa Lindi.

Kijana huyo aliahidiwa ujira na kampuni yenu. Wakati wa kuondoka mwongozaji alimwambia atatumiwa kwenye simu. Tulichanga sisi wenyewe tukampa kidogo, lakini ule haukuwa mshahara, ulikuwa aibu yetu kwa niaba yenu.

Tunachodai ni hiki. Mturudishie Sh 60,000 kila mmoja; iliyobaki tunahesabu ni nauli na ule wali. Kama mnasema ada ya hifadhi ililipwa, leteni kontroo namba na stakabadhi, nasi tutapunguza kiasi hicho kwenye madai. Mliondoe tangazo lile, au angalau mtoe sokwe, Sanje na maneno "kwa uhakika", maana mnyama wa porini hana mkataba na mtu. Mzigo wa dereva hatuudai fedha, tunataka tu maelezo kwa maandishi.

Kijana wa kijijini alipwe kwanza, kabla yetu. Namba yake ya simu mwongozaji wenu anayo, nami nitampigia kijana huyo Ijumaa ya tarehe 29 Agosti kuuliza kama fedha yake imefika. Ikiwa tarehe hiyo itapita kimya, barua hii pamoja na picha za tangazo na za gari likiwa na magunia zitapelekwa kwa Afisa Utalii wa Mkoa wa Lindi, na nakala kwa uongozi wa hifadhi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
kwa niaba ya walimu wa safari ya Rondo