Watalii wa meli waachiwe watembee

Mhariri,

Mimi naendesha tuktuk hapa Mombasa, meli ya watalii ikifunga Kilindini hua nishaosha chombo toka alfajiri. Sasa wageni wanashushwa wanapakiwa mabasi mpaka Fort Jesus, wanapiga picha ile ngome Wareno walianza kujenga 1593, halafu mbio Pembe za Ndovu, yale matao ya barabara ya Moi, saa kumi washarudi melini hata mahamri hawajaonja. Juzi mama mmoja mzungu alichomoka kwa kundi akanunua kahawa chungu na kashata kwa mzee wetu, akakaa barazani karibu saa nzima, kikombe cha tatu hicho, anaitwa basini hataki kuinuka. Si waachiwe japo masaa mawili wazurure wenyewe vichochoroni jamani?

Dereva wa tuktuk,
Mji wa Kale, Mombasa