Tangu pampu iibwe

Rafiki yangu mpendwa,

Umeniuliza kama nimeshazoea. Sijazoea. Ni mwezi wa tatu sasa tangu pampu ing'olewe, nyaya zikatwe na dizeli ifyonzwe yote tangini. Vitu nitanunua vingine pole pole. Usingizi ndio haujarudi. Mbwa akibweka mara moja tu, nimeshasimama dirishani na tochi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyekuja alikuwa anajua. Alijua nalala upande gani wa nyumba, alijua siku nitakayokuwa safarini. Mgeni angeyajulia wapi hayo? Basi kila anayenisalimu njiani namtazama mara mbili, na najichukia kwa hilo, maana hao hao ndio walionipalilia shamba nilipougua.

Jirani yangu naye amevuna nafaka ikiwa bado mbichi ili wezi wasimtangulie. Imeota ukungu ghalani. Hakuna atakayeiandika hasara hiyo kuwa ni wizi, lakini ni wizi.

Sasa kuhusu mbuzi wako wawili walioibwa. Unasema hukutoa taarifa kwa sababu kituo kiko mbali na mbuzi wawili si kitu. Nenda, tafadhali. Wizi usioandikwa polisi ni kama haukutokea. Doria zitapelekwa kwenye maeneo yenye majalada mengi ya kesi, na sisi tutahesabiwa kuwa tuko salama. Na waliobaki watie chapa au hereni za masikioni, maana mnyama asiye na alama hata akikamatwa utathibitishaje ni wako? Namba za mashine ziandike daftarini. Mimi nilipoulizwa namba ya pampu nilibaki kimya.

Ulinzi wa zamu mnaoanzisha, ingia. Ila kubalianeni tangu mwanzo kwamba atakayekamatwa anafikishwa kituoni akiwa mzima. Watu wenye hofu, wakiwa kundi, tena gizani, wanaweza kumuua mtu aliyetoka kutafuta ndama wake. Hilo naliogopa kuliko mwizi mwenyewe.

Niandikie ukishafika kituoni. Na siku utakayokuja kunitembelea, kama giza limeingia, nipigie simu ukiwa bado barabarani na uniite kwa jina kabla hujafika mlangoni. Siku hizi nafungua nikiwa na rungu mkononi.

Wako akupendaye