Mdogo wangu, hiyo shingo sio uchafu

Mdogo wangu,

Siku ile kwenye kichen pati nilikuona umekaa pembeni ya feni na mtandio umeuzungushia shingoni, joto lote lile la Dar, nikajua tu. Maana nilikuwepo siku shangazi alipokuingiza bafuni akakusugua shingo kwa dodoki na limau mpaka ikachubuka, anasema mtoto wa kike gani huyu haogi vizuri, na mimi nikanyamaza kwa sababu yangu ilikuwa hivyo hivyo na niliogopa zamu yangu isifike. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikia. Ule weusi wa shingoni na kwapani, ukigusa laini kama mahameli, mara nyingi unatokana na insulini. Insulini kazi yake ni kuingiza sukari kwenye seli, seli zikianza ubishi haziisikii basi kongosho linazidi kuimwaga tu, na hiyo ya ziada haikai bure, inaamsha ngozi inakuwa nene na nyeusi, ikifika kwenye ovari inazichochea zitoe homoni za kiume nyingi kuliko inavyotakiwa. Ndo hapo zile ndevu za kidevuni unazozing'oa na kibanio, chunusi za taya, na yai linaloanza kukomaa halafu linakwama. Yai lisipotoka, siku zako zinakosa ratiba. Yaani shingo na hedhi ni kesi moja.

Hali hiyo ndo wanaiita PCOS, kifupi cha Kiingereza cha polycystic ovary syndrome, na ultrasaundi inavyosomwa ndo inavyotutisha. Mimi niliambiwa "una vivimbe vingi kwenye ovari", nikalia kwenye daladala mpaka konda akanisamehe nauli. Kumbe sio vivimbe, ni vile vifuko vya mayai yaliyoishia njiani, vidogo vidogo, havikatwi wala havisafishwi. Lakini mie nilishanunua dawa ya kusafisha kizazi kwa dada mmoja wa mtandaoni, laki na ishirini, nikanywa nikatoka damu wiki mbili mfululizo nikashangilia eti uchafu unatoka!! Nilikuwa naishiwa damu tu, nikipanda ngazi za ofisini naona nyota. Nasikia na wewe mama mdogo kashakununulia chupa. Iache.

Ulinitumia meseji kwamba mwaka jana wote siku zako umeziona mara nne. Mzunguko unaopitisha siku 35, au hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka, sio "mwili wako ndo ulivyo" kama anavyosema bibi, kwa mtu mzima ni sababu ya kwenda hospitali. Na usifurahie kwamba unaokoa hela ya pedi (najua unafurahi, mie nilifurahi). Yai lisipotoka ukuta wa kizazi unaendelea kujengwa mwezi baada ya mwezi bila kubomolewa, na ukiachwa hivyo miaka inaweza kuja kuwa saratani. Ndo maana ikipita miezi mitatu kavu, na kipimo cha mimba kimesema hapana, daktari anaweza kukupa vidonge vya kushusha hedhi, au vya majira uvinywe kwa mpangilio. Ila usijidanganye kwamba siku zikiwa hazieleweki hushiki mimba, yai linaweza kutoka siku usiyoitegemea. Na wakati ukifika unataka mtoto, dawa za kuamsha yai zipo, kwa hiyo maneno ya ugumba yaishie huko huko jikoni yalikoanzia.

Kitu ambacho hamna mtu alinambia mapema ni sukari. Tukibaki tunahangaika na kizazi tu, kisukari, presha na mafuta kwenye damu vinakuja taratibu nyuma. Nilipimwa asubuhi sijala kitu, wakanipa glasi ya maji yenye gramu 75 za glukosi, tamu mpaka meno yanauma, nikakaa kwenye benchi masaa mawili wakanitoa damu tena. Ya asubuhi ilikuwa safi kabisa, ile ya pili ndo ilikuwa juu. Ningepima ya asubuhi peke yake ningerudi nyumbani naringa. Wewe mwembamba usiseme haikuhusu, wembamba nao wanapata.

Nikaanza metformini, dawa ya kushusha sukari, wiki ya kwanza nilihamia chooni, mpaka nikajua kuimeza katikati ya chakula na kuanza na dozi ndogo. Haiponyi, inatuliza. Ugali sijaacha, nimepunguza tonge nikaongeza mchicha na maharage, soda ndo nimeiacha kabisa, na jioni natembea mpaka kwa mama ntilie wa kituoni na kurudi. Nilishuka kilo nne, sio nyingi, nguo zile zile, lakini siku zikaanza kuja kila baada ya wiki tano hivi.

Wakupime na homoni za kiume, tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa, maana hizo nazo zikivurugika zinasimamisha hedhi, wasikubandike jina kwa kuangalia picha tu.

Jumamosi nakupitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku usile kitu baada ya saa nne, maji kunywa. Chukua ile kalenda ya ukutani uliyokuwa unaweka alama, hata kama imejaa mapengo, na mtandio uuache nyumbani, daktari anatakiwa aione shingo.

Dada yako